Bingwa Aliyesikika

Wako mabingwa walioonwa, na wako mabingwa waliosikiwa. Joe Louis, bingwa wa dunia wa ngumi katika uzito wa juu tangu mwaka 1937 hata mwaka 1949, alikuwa wa aina ya pili. Waliopata kuketi karibu na ulingo wake walikuwa maelfu. Waliopata kumsikia walikuwa mamilioni. Wakulima wa pamba wasioweza kulipa nauli ya kufika New York, wapishi, madobi, makuli wa bandarini, na watoto waliopaswa kuwa wamelala, wote walimjua kwa sauti ya mtu mwingine iliyotoka katika sanduku la mbao. Wengi wao hawakumwona maisha yao yote, ila katika picha za magazeti. Hata hivyo, alipokufa tarehe 12 Aprili 1981, walimlilia kama mtu aliyekuwa akilala nyumba moja nao. Kilio hicho kinafaa kufikiriwa. Kwa nini mtu amlilie asiyepata kumwona? Na yule anayesikiliza kwa raha ana deni gani kwa yule anayepigana kwa maumivu?

Ngumi ni nyepesi kuliko neno. Kabla mtangazaji hajamaliza kusema kwamba mkono wa kushoto umetoka, mkono wa kulia umekwisha fika mahali pake na kurudi. Kwa hiyo mtangazaji hawezi kusema yote yanayotendeka mbele yake. Huchagua moja katika kumi, na yale tisa humwachia msikilizaji. Msikilizaji naye huyakamilisha kwa mlio wa kengele, kwa kelele za watu zinazopanda na kushuka nyuma ya sauti ya mtangazaji, na zaidi ya yote kwa kimya. Mtu aliye uwanjani akimwona bingwa ameinama, hutambua mara moja kama ameinama kwa kuumia au kwa hila. Msikilizaji hatambui, hukaa baina ya tumaini na hofu mpaka neno jingine lije. Katika nafasi hiyo ndogo, ambayo pengine haizidi pumzi mbili, huingiza maisha yake mwenyewe: aibu alizozimeza, deni asiloweza kulipa, na neno alilotaka kumjibu bwana wake asithubutu. Ndiyo sababu mchezo unaosikilizwa hushika moyo kwa namna ambayo mchezo unaotazamwa haushiki. Nusu yake imetoka kwa msikilizaji mwenyewe.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika mwaka 1951, na zaidi baada ya redio ndogo za betri kuenea, mchezo ulikuwa kitu cha barazani. Redio moja ilitosha mtaa mzima. Mwenye redio alipata heshima isiyokuwa na uhusiano na umri wala elimu yake. Alikalia kiti, wengine walikalia mkeka na vizingiti, na watoto walisimama nyuma wakiambiwa wasipumue kwa nguvu. Betri ziliadimika, kwa hiyo zilianikwa juani ili zipate uhai wa siku moja zaidi. Mawimbi yalipofifia, kama yalivyozoea kufifia wakati wa jambo kubwa, mwenye redio aliinua chombo chake juu ya kichwa, akakigeuza huku na huku kama atafutaye kibla, na watu wote wakageuza shingo pamoja naye. Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akaongoza tangu mwanzo hata mwisho na kuvunja rekodi ya dunia, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, wala haikukipata hadi mwaka 1994. Kwa watu wengi wa nchi yake mbio zile zilikuwa maneno tu. Walakini hapakuwa na mtu aliyezipokea habari zile asione mbele ya macho yake kijana anayekimbia peke yake, na wazungu nyuma yake wakimfukuza bila ya kumpata.

Joe Louis Barrow alizaliwa tarehe 13 Mei 1914 katika jimbo la Alabama, kusini ya Marekani, akiwa mtoto wa saba katika wanane. Jamaa yake walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na babu zake walikuwa wamezaliwa utumwani. Mwaka 1926 jamaa ile ilihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari, kama walivyohama maelfu ya watu weusi waliokimbia umaskini na vitisho vya kusini. Husimuliwa kwamba mama yake alimpa fedha za kujifunzia fidla, naye akazitumia kulipia mazoezi ya ngumi. Mtu akiitafakari hadithi hii huona kwamba mama na mwana walitaka jambo moja: mikono ile isiishie katika kushika jembe la mtu mwingine. Walihitilafiana katika njia tu.

Alipoanza kupigana kwa malipo, mwaka 1934, wakuu wake John Roxborough na Julian Black, pamoja na mwalimu wake Jack Blackburn, walijua kwamba mlango wa ubingwa ulikuwa umefungwa. Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu, aliupata ubingwa mwaka 1908. Na alipompiga James J. Jeffries mjini Reno tarehe 4 Julai 1910, watu weusi walishambuliwa na kuuawa katika miji mbalimbali ya Marekani kwa kosa la kufurahi. Johnson alikuwa mtu wa majivuno, hakumwogopa yeyote, wala hakuficha mapenzi yake kwa wanawake weupe. Alipoupoteza ubingwa mwaka 1915, mtu mweusi hakupewa tena nafasi ya kuugombea kwa muda wa miaka ishirini na miwili. Kwa sababu hiyo Louis alipewa masharti. Asipigwe picha pamoja na mwanamke mweupe. Asimcheke aliyeangushwa. Asiseme maneno ya kujisifu. Apigane kwa haki na kuishi kwa adabu, ili pasiwe na mtu atakayepata kisa cha kumfungia mlango. Kijana yule, ambaye kwa tabia alikuwa mnyamavu, akanyamaza zaidi. Hivyo bingwa aliyesikika dunia nzima alikuwa mtu wa maneno machache kabisa. Yaliyosikika yalikuwa maneno ya wengine juu yake.

Wengine nao walikuwa na mengi ya kusema. Tarehe 25 Juni 1935 Louis alipigana na Primo Carnera, jitu la Kiitalia, mjini New York. Wakati ule Mussolini alikuwa akikusanya majeshi ili kuishambulia Uhabeshi, nchi ya Kiafrika iliyokuwa haijatawaliwa. Carnera na Louis hawakuwa na ugomvi juu ya Uhabeshi. Walikuwa watu wawili waliotafuta riziki. Lakini watu weusi walioketi mbele ya redio usiku ule hawakumsikia Carnera, walimsikia Mussolini. Carnera alipozuiwa na mwamuzi katika duru ya sita, asiweze tena kujilinda, ilikuwa kama Uhabeshi imeokoka. Haikuokoka. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule majeshi ya Italia yaliingia, na ngumi za Louis hazikuzuia hata risasi moja. Huu ndio mpaka wa faraja inayotoka redioni: huupa moyo nguvu, lakini haiondoi jeshi mpakani.

Mwaka uliofuata mzigo ule ulimwelemea. Tarehe 19 Juni 1936 alikutana na Max Schmeling, Mjerumani aliyepata kuwa bingwa kabla yake. Schmeling alikuwa amemchunguza, akaona kwamba kila Louis alipotoa ngumi ya kushoto mkono ule ulirudi chini mno, na shavu likabaki wazi. Katika mwanya ule alipitisha mkono wa kulia tena na tena. Louis alianguka katika duru ya nne, na katika duru ya kumi na mbili alianguka asiweze kuinuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushindwa katika ngumi za malipo. Mitaani walikokaa watu weusi huzuni iliingia kama msiba. Huko Ujerumani utawala wa Hitler uliushangilia ushindi ule kuwa dalili ya ubora wa damu, ingawa sababu yake ilikuwa mkono wa kushoto uliorudi chini.

Tarehe 22 Juni 1937, mjini Chicago, Louis alimwangusha James J. Braddock katika duru ya nane akawa bingwa wa dunia. Mwaka mmoja baadaye kamili, tarehe 22 Juni 1938, alikutana tena na Schmeling katika uwanja wa Yankee Stadium, New York. Watazamaji walikaribia elfu sabini. Waliosikiliza hawahesabiki kwa yakini, lakini walikuwa makumi ya mamilioni. Na Ujerumani nako watu walikesha mbele ya redio zao, kwa kuwa huko ilikuwa alfajiri. Vita vya Ulaya vilikuwa vikikaribia, Austria ilikuwa imekwisha mezwa, na kila aliyefungua redio alijua kwamba hawakuingia ulingoni watu wawili tu.

Mtangazaji Clem McCarthy hakupata nafasi ya kutengeneza maneno mazuri. Shindano zima lilikwisha kwa sekunde 124. Louis alimfukuza Schmeling mpaka kambani, akampiga kichwani na ubavuni, na pigo moja la ubavu lilimtoa Mjerumani ukelele uliosikika na waliokaa mbele. Baadaye madaktari waliona kwamba mfupa mmoja wa uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Alianguka, akainuka, akaanguka, akainuka, akaanguka mara ya tatu, na watu wa pembe yake wakatupa taulo ulingoni. Wako waliochelewa kufungua redio kwa kumalizia chakula, nao walikuta kelele tu, wakauliza majirani ni nini kilichotokea.

Yaliyotendeka mbele ya redio usiku ule, na katika usiku mwingine wa namna hiyo, yana thamani kubwa kuliko yaliyotendeka ulingoni. Ushuhuda mmoja ulitoka kwa Maya Angelou, mwandishi aliyelelewa kwa bibi yake katika mji mdogo wa Stamps, jimbo la Arkansas. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1969 alieleza namna watu weusi wa pale walivyojaa katika duka la bibi yake kumsikiliza Louis, watoto wakipakatwa, wanaume wakiegemea rafu za bidhaa. Bingwa alipobanwa kambani, waliomo dukani hawakusikia mtu mmoja aliyebanwa. Walisikia watu wao wote wakipigwa, wakinyongwa na kurudishwa utumwani. Alipoponyoka na kushinda, walikula na kunywa kama siku ya sikukuu. Lakini waliokaa mbali hawakurudi kwao. Walitafuta pa kulala mjini, kwa maana haikuwa salama mtu mweusi kukutwa na jamaa yake katika njia ya upweke, usiku ambao Joe Louis amethibitisha kwamba wao ni watu wenye nguvu kuliko wote duniani.

Ushuhuda wa pili ulitoka kwa mtu mweupe. Jimmy Carter, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu mwaka 1938, akikaa katika shamba la baba yake huko Georgia. Wafanyakazi weusi walimwomba baba yake wasikilize shindano la Louis na Schmeling. Baba, aliyeshika desturi ya kutenganisha rangi, hakuwaingiza ndani; aliiweka redio dirishani, nao wakasikiliza wakiwa uani. Shindano lilikwisha upesi, na mwenye nyumba hakuyapenda matokeo. Wale watu hawakupiga kelele wala kucheka. Walimshukuru kwa adabu, wakatoka uani, wakavuka njia na reli, wakaingia katika nyumba mojawapo yao, wakafunga mlango. Ndipo vigelegele vilipolipuka, vikaendelea usiku kucha.

Mlango ule uliofungwa unaeleza mambo mengi. Furaha yao ilikuwa halali. Ilipatikana kwa haki, mbele ya mwamuzi na kwa sheria za mchezo, na ilitangazwa kwa sauti ya mtangazaji mweupe ambaye hakuweza kusema jingine, kwa kuwa ndilo lililotokea. Pengine hiyo ndiyo ilikuwa tunu kubwa ya redio kwa watu wale. Mahakamani shahidi angeweza kukataliwa. Katika mizani ya pamba mkono wa mnunuzi ungeweza kuegemea. Lakini ulingoni hesabu ya kumi ilikuwa kumi, nayo ilisikika kwa bwana na kwa mtumishi kwa wakati mmoja. Hata hivyo furaha ile ililazimika kupita uani kwa miguu ya pole, ikiwa imeuma ulimi, mpaka ifike mahali ambapo haitamgharimu mtu maisha yake. Haki iliyosikika dirishani ilikuwa bado haijavuka kizingiti.

Basi mtu mmoja alibebeshwa haya yote. Kila alipoingia ulingoni aliingia na watu wa Stamps na watu wa uani kule Georgia, na Uhabeshi, na Johnson, na mababu waliozaliwa utumwani. Aliulinda ubingwa wake mara ishirini na tano, kwa muda wa miaka kumi na moja na miezi minane, muda ambao hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyeufikia kabla yake wala baada yake. Watu husema kwamba sifa hubeba mtu. Yamkini, lakini sifa ya namna hii hubebwa, nayo ina uzito.

Mzigo huo huo aliutwika Schmeling kwa upande wa pili, na hapa sikio la msikilizaji halina budi kulaumiwa kidogo. Redio ilileta sauti bila ya uso. Waliosikiliza mwaka 1938 walimsikia Hitler akipigwa, wakafurahi kila mfupa wake ulipovunjika. Lakini aliyepigwa hakuwa Hitler. Schmeling hakujiunga na chama cha Nazi, na alikataa kumwacha mkuu wake wa michezo, Joe Jacobs, aliyekuwa Myahudi, ijapokuwa alishurutishwa. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Wayahudi waliposhambuliwa katika miji ya Ujerumani, aliwaficha vijana wawili, wana wa rafiki yake Myahudi, katika chumba chake cha hoteli mjini Berlin mpaka hatari ikapungua. Jambo hili hakulitangaza. Halikujulikana hadharani mpaka mwaka 1989, mmoja wa vijana wale aliposimama akalisema. Miaka hamsini na moja ilipita baina ya tendo lenyewe na sauti ya kulitangaza. Ngumi ya Louis ilitangazwa papo hapo.

Vita vilipoifikia Marekani, Louis alipigana mara mbili mwaka 1942 bila ya kuchukua fungu lake. La kwanza alilitoa katika mfuko wa kusaidia jamaa za watu wa jeshi la maji, jeshi ambalo wakati ule lilikuwa likiwatumia watu weusi katika kazi za jikoni na mezani tu. La pili katika mfuko wa jeshi la nchi kavu. Kisha akaingia jeshini mwenyewe, katika vikosi vilivyotenga rangi, akapigana mbele ya askari mashindano ya kuwaburudisha. Alisifiwa nchi nzima. Lakini sifa haikuzuia karani wa kodi kufungua daftari. Louis alikuwa na mkono mpana. Aliwapa jamaa, aliwapa rafiki, aliwapa na wasiokuwa rafiki, na hesabu zake hazikutunzwa vema na waliopewa kazi ya kuzitunza. Kodi ya mapato ilimdai, riba na faini zikaongezeka juu yake, na deni likapanda hata kupita dola milioni moja.

Alikuwa amestaafu mwaka 1949 akiwa bingwa. Deni likamrudisha ulingoni. Mwaka 1950 alishindwa na Ezzard Charles. Tarehe 26 Oktoba 1951, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, alipigana na Rocky Marciano, kijana aliyekua akimstahi, naye akaangushwa katika duru ya nane hata mwili wake ukatoka nusu nje ya kamba. Usiku ule televisheni zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, na wengi waliozoea kumsikia akishinda walimwona akianguka. Huenda ndiyo sababu waliomsikia walimkumbuka vizuri zaidi. Mwaka 1956 alicheza mieleka ya malipo ili apate fedha. Mwaka 1970 alilazwa hospitali kwa maradhi ya akili. Miaka yake ya mwisho aliajiriwa katika jumba moja la michezo ya kamari huko Las Vegas kuwaamkia wageni, awape mkono, wapate kusema kwamba wameushika mkono wa Joe Louis; na maradhi yalipozidi alikalia kiti cha magurudumu. Jioni ya tarehe 11 Aprili 1981 alifikishwa katika shindano la Larry Holmes na Trevor Berbick, watu wakasimama wakampigia makofi. Kesho yake moyo ulisimama. Alikuwa na miaka sitini na sita. Rais Ronald Reagan alitoa ruhusa maalumu azikwe Arlington, katika makaburi ya mashujaa wa vita.

Wako waliosema kwamba ni aibu bingwa kuishia katika kuwaamkia wacheza kamari. Neno hilo lafaa kupimwa kabla ya kulitamka. Mtu aliyefanya kazi ya halali akiwa mgonjwa hakujiaibisha. Kama pana aibu, wenyewe wake ni wengine. Makumi ya mamilioni walikula utamu wa sauti ile. Kila mmoja alipata sehemu yake ya heshima, akalala kifua mbele, akaamka kesho yake akaweza kustahimili siku nyingine. Redio ilipozimwa kila mtu alikwenda zake na sehemu yake, na mwenye mwili akabaki na mwili wake: kichwa kilichopigwa, mikono iliyovimba na daftari la kodi.

Mmoja hakwenda zake. Mwaka 1954 Max Schmeling alisafiri mpaka Chicago kumtafuta Louis, wakakaa wakazungumza, na yale yaliyokuwa yamewekwa baina yao na watu wengine yakaondoka. Schmeling alikuwa amefanikiwa katika biashara ya vinywaji kwao Ujerumani. Kwa miaka iliyofuata alimsaidia mwenzake kwa fedha, na Louis alipokufa alichangia gharama za mazishi. Yeye mwenyewe aliishi mpaka mwaka 2005, karibu atimize miaka mia. Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika watu wote waliohusika na usiku wa mwaka 1938, aliyekuja na fedha za mazishi mkononi ni yule aliyevunjwa mfupa.

Tamaa ya kumfanya bingwa abebe yasiyo yake haikufa pamoja na Louis. Mwezi wa Februari mwaka 1980 Muhammad Ali alifika Dar es Salaam akiwa mjumbe wa rais wa Marekani, kuiomba Tanzania isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Rais aliyemtuma alikuwa Jimmy Carter, mtoto yule wa shamba la Georgia aliyewaona watu weusi wakivuka reli kwa kimya. Tanzania ilikuwa imesusia michezo ya Montreal ya mwaka 1976 kwa ajili ya mambo ya Afrika ya Kusini, na waandishi wa habari walimwuliza Ali kwa nini Marekani haikuwaunga mkono wakati ule. Ali, aliyekuwa hodari wa maneno kuliko bingwa yeyote, hapo alikosa jibu la kutosha. Rais Julius Nyerere hakuonana naye, na Tanzania ilikwenda Moscow, ambako Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipata nishani za fedha. Wananchi walimpenda Ali kabla ya safari ile na wakampenda baada yake, mpaka alipokufa tarehe 3 Juni 2016. Walitambua kuwa mapenzi yao kwa bingwa ni kitu kimoja, na shauri alilotumwa kulileta ni kitu kingine. Kutofautisha mambo hayo mawili ni heshima kwa bingwa mwenyewe, kwa maana humpunguzia mzigo.

Siku hizi mchezo huonwa popote, hata katika kiganja cha mkono, na pigo moja hurudiwa polepole mara ishirini mpaka lisiwe na siri tena. Lakini redio haijanyamaza. Dereva wa lori njiani usiku, mlinzi mlangoni, mama lishe anayeosha sufuria, kinyozi mwenye wembe mkononi, bado hungojea neno litakalofuata, na bado hutia maisha yao katika kile kimya kifupi kabla ya neno hilo. Hapana ubaya katika jambo hilo. Watu wa Stamps waliishi kwa kimya kama kile, wakapata ndani yake nguvu ambayo hawakupewa mahali pengine. Wanachodaiwa wasikilizaji ni kidogo, na ni kukumbuka kwamba mwisho wa waya ule yuko mtu, na mbele yake yuko mtu mwingine anayepigwa, na wote wawili wataamka kesho asubuhi katika miili yao wenyewe, wakati redio imekwisha zimwa.